Sura ya Tano: Wageni wa Kalamu

Nchi iliyo baina ya vilima vya mawe vya Masasi na ukingo wa Newala imeandikwa na wapita njia zaidi kuliko ilivyoandikwa na wenyewe. Tangu karne ya kumi na tisa wamepita hapo wamisionari, wajuzi wa madini, wataalamu wa mila, mabwana shamba na wahandisi wa maji, na katika miaka hii ya karibuni wamefuata vijana wa ng'ambo wenye blogu zao, ambao hulipiwa nauli ili waje watazame hali ya mazingira na maendeleo kwa siku chache, kisha warudi makwao wakasimulie. Sura hii inawahusu watu wa namna hiyo, na inahusu swali moja ambalo aghalabu halionekani katika maandishi yao: je, yule aliyeandikwa anayo njia ya kuyasoma yaliyosemwa juu yake, na akiisha kuyasoma, anayo njia ya kuyajibu?

Msomaji asiyepajua na atangulie kufahamu umbo la mahali. Masasi iko chini, katika tambarare ambamo majabali ya Mtandi, Mkomaindo, Mkwera na mengineyo yamechomoza ghafula, kila moja likijitegemea. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu ardhi hukatika mbele ya miguu yake, na macho yakashuka hadi bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji iliyo ng'ambo. Mvua haikunyimwa uwanda huo. Hunyesha kwa msimu wake na hutosha mihogo, mtama na mikorosho. Lakini udongo wake ni mchanga mwekundu, nao huyanywa maji yote yakazama mamia ya mita chini, hata juu ya uwanda mzima mtu hawezi kuonyesha mto wala kijito, na chemchemi zote ziko mabondeni, chini ya magenge. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali, mitungi kichwani. Na kila mgeni mwenye kalamu aliyefika huko, awe wa mwaka 1906 au wa juzi, ameona sharti aanze na habari hiyo.

Huyo wa mwaka 1906 ni Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, nami nitakaa naye kidogo kwa sababu katika wageni wote wa uwanda huu yeye ndiye aliyefanana mno na hawa wa leo. Haikuwa nia yake kuja kusini. Alikusudia nchi nyingine, ila machafuko ya huko yalimgeuza, akashuka Lindi na kupanda Masasi kwa miguu. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Misheni ya Masasi ilikuwa imeharibiwa mwezi wa Agosti 1905, na serikali ya Kijerumani ilikuwa ingali ikiwasaka iliowaita waasi. Weule alisafiri akiandamana na askari wenye bunduki, akiwa na kamera, santuri za nta za kunasia sauti, na mtambo wa kuchukulia picha za sinema, ambao kwa wakati ule ulikuwa ajabu hata katika miji ya Ulaya. Kitabu chake kilichapishwa Leipzig mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikafasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, bibi yule yule aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa Kiswahili mjini London.

Atakayekifungua kitabu hicho leo atastaajabu kwa jinsi kilivyopangwa. Kila sura ina jina la mahali na tarehe juu yake: Masasi, mwezi wa Julai, Newala, mwezi wa Septemba, na kadhalika, kana kwamba mtu ameketi jioni baada ya kazi akawaandikia jamaa zake wa mbali mambo ya siku ile, chakula kilichomdhuru, mpagazi aliyemchekesha, ngoma iliyomnyima usingizi, na katikati ya hayo maarifa ya kweli juu ya jando, unyago, ufinyanzi na uhunzi. Hii ndiyo blogu kabisa, ila haikupewa jina hilo, na wasomaji wake walingoja miaka miwili ndipo waipate. Ina wema wa blogu, yaani wepesi na uhai wa kitu kilichoandikwa kabla hakijasahaulika. Ina na taksiri zake, yaani haraka ya kuhukumu, na desturi ya mwandishi kujifanya yeye ndiye shujaa wa kila jambo lililompata.

Insafu yataka tumpe haki yake. Weule alisikiliza. Kule chini, Chingulungulu, alikaa katika mji wa Matola, mkuu wa Wayao, akauliza maswali hata wazee wakachoka. Na huko juu kwa Wamakonde aliandika masimulizi ya asili yao ambayo bila ya kalamu yake huenda yasingalijulikana nje. Walimwambia kwamba mtu wa kwanza alikuwa akikaa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, na usiku sanamu ile ikawa mwanamke, naye akamwoa. Walipopata mtoto bondeni, karibu na maji, mtoto yule hakuishi. Wakahama, wakapata wa pili, naye akafa. Hata walipokwea juu kabisa kwenye vichaka wakapata wa tatu, akaishi. Ndipo wazazi hao wakawausia wana wao wasikae mabondeni, kwa kuwa maradhi na mauti yako kwenye mito.

Masimulizi haya yana uzito kuliko takwimu nyingi, maana yanamweleza msikilizaji kwamba kukaa mbali na maji hakukuwa bahati mbaya iliyowaangukia watu wasiokuwa na akili, bali ni shauri lililokatwa. Bondeni palikuwa na mbu na homa. Bondeni ndiko zilikopita njia za misafara ya watumwa iliyokwenda Mikindani, Lindi na Kilwa, na ndiko walikotokea Magwangwara, wavamizi wa Kingoni, ambao mwaka 1882 waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka, hata Chauncy Maples na wenziwe wa misheni wakahamia Newala kwa muda. Mtu aliyejificha katika kichaka kizito kisicho na maji alijua kwamba adui yake hawezi kukaa hapo siku tatu. Ukavu ulikuwa ngome yao, na safari ya mtungi ilikuwa kodi waliyoilipa ili wabaki huru.

Ni maandishi mangapi ya siku hizi juu ya tabu ya maji Newala yaliyotaja jambo hili? Nimesoma mengi ya namna hiyo, nami nadhani nayajua hata kabla sijayamaliza. Yanaanza na binti mwenye ndoo, yanakwenda kwenye hesabu ya kilomita, yanataja jumuiya iliyomlipia mwandishi nauli, na yanakoma kwenye bomba jipya. Hayasemi uongo, walakini yamekata hadithi mahali pasipostahili, yakamwonyesha mwenyeji kuwa ni mtu aliyekaa tu akingoja kuokolewa.

Nimepata kumwona mgeni mmoja wa aina hiyo, kijana mwenye adabu na kamera nzuri, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Newala. Alimwomba mama mmoja wa makamo ashike dumu lake asimame penye bomba la kijiji apigwe picha. Bomba lenyewe halikuwa likitoa maji siku ile; mama alikuwa amekwisha chota nyumbani kwake. Kwa hisani akasimama, akashika dumu, picha ikapigwa mara nyingi, kisha akamgeukia kijana wa pale aliyekuwa akifasiri, akamwambia: "Mwanangu, mwulize mgeni, kisima changu mbona hakipigi picha?" Mfasiri akacheka, wala sidhani kama alimfikishia mgeni maneno yale.

Basi mimi nilikwenda kukitazama. Kilikuwa kimechimbwa uani, kina kimo cha watu wawili hivi, kimesakafiwa kwa saruji na kufunikwa juu, kimeachwa mlango mdogo wa bati wenye kufuli. Kutoka kwenye paa la nyumba, ambalo lote lilikuwa la bati, mifereji ya bati lililokunjwa kwa mkono iliteremka ikakutana pembeni, na mahali pa kuingilia kisimani palikuwa pamefungwa kipande cha chandarua kuukuu ili majani na mijusi visipite. Mama alieleza kwamba mvua ya kwanza haiingizwi, maana inaosha vumbi la paa. Mfereji hugeuzwa pembeni mpaka paa litakate. Maji yale humfikisha mbali katika kiangazi, akijihadhari, na jirani akija na ndoo hupewa au huuziwa, kwa kadiri ya ujirani wenyewe. Saruji na bati vilinunuliwa kwa fedha za korosho za msimu mmoja mwema. Visima vya namna hiyo vimejaa Newala na Tandahimba, wamevibuni na kuvigharimia watu wenyewe, na kwa sababu hakuna aliyevifungua kwa kukata utepe, ni nadra sana kuvikuta katika maandishi ya maendeleo.

Sisemi kwamba kazi za serikali na za wafadhili hazikuwa na maana. Zilikuwa nayo, na kubwa. Tangu zamani za Waingereza kulikuwa na shirika la maji la Makonde, lililopandisha maji kwa mashine kutoka bondeni na kuyauza kwa ndoo. Baada ya uhuru Serikali ikaona si haki mkulima wa kijijini auziwe maji, ikayafanya bure. Na Finland, iliyoanza kusaidia maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi mwaka 1972, ikaendelea hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikachimba visima vifupi na kufunga pampu za mkono za Nira katika vijiji vingi vya tambarare. Lakini pampu ya mkono haifai kitu juu ya uwanda, ambako maji yako mamia ya mita chini. Huko hakuna njia ila kuyasukuma kutoka visima virefu vya bonde la Mitema, na kuyasukuma kwataka mafuta au umeme, na mafuta na umeme vyataka fedha kila siku ya Mungu, si siku ya uzinduzi peke yake. Sera ya Maji ya mwaka 1991 iliporudisha michango ya watumiaji, ilikuwa imeungama tu jambo ambalo fundi wa mashine za Makonde alilijua siku zote.

Hapa ndipo ninapowalaumu wageni wa kalamu kuliko mahali pengine popote. Binti mwenye ndoo anaandikika. Ankara ya umeme haiandikiki. Ni kazi kavu kuketi na mtunza hesabu wa mamlaka ya maji na kumwuliza dumu moja linagharimu nini kufika Newala, nani analipa, nani halipi, na bomba lililopasuka limekaa muda gani bila ya kuzibwa, lakini katika majibu hayo ndimo ilimo sababu ya bomba la kijiji kukauka siku ile mgeni alipopiga picha. Msafiri wa siku chache hana wasaa huo. Aliyemtuma naye hakumtuma afuate ankara.

Na habari ya kutumwa si ndogo. Mwaka 1881 Seyyid Barghash wa Unguja alimwajiri Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa bado kijana lakini jina lake limekwisha vuma, aende bonde la Ruvuma akathibitishe habari za makaa ya mawe, ambayo Sultani alitumaini yangeendesha merikebu zake. Thomson akaenda, akatazama, akarudi na kusema kwamba makaa ya kufaa hayapo. Sultani hakupendezwa hata kidogo. Mimi kila niisomapo habari hiyo humheshimu Thomson, kwa kuwa ni wachache wanaorudi kutoka safari waliyolipiwa na kumwambia aliyewalipia neno asilolitaka. Miaka sabini baadaye, wakati Waingereza walipoteketeza paundi takriban milioni 36 katika mpango wao wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani ya Masasi, mmoja wa walioandika kisa chake kwa ukweli zaidi alikuwa Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari katika shirika lenyewe. Kwanza alijiuzulu, ndipo akaandika.

Korosho nayo imepata waandishi wake. Zao hili liliwapa watu wa uwanda fedha baada ya Vita Kuu ya Pili, hata msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi, sehemu kubwa ikitoka kusini. Kisha likaporomoka, na katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Wageni waliofika wakati huo waliandika juu ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaofunika maua ya mkorosho, na waliandika kweli. Chuo cha utafiti cha Naliendele ndicho kilichosaidia kueneza salfa. Lakini mzee yeyote wa Newala angaliwaambia, kama wangalimwuliza, kwamba kabla ya ubwiriunga ilikuja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwenda kando ya barabara, mikorosho ikabaki mbali nyuma yao katika magugu, na bei ya serikali ilikuwa haimshawishi mtu kutembea kutwa kwenda kuipalilia. Wakati uo huo viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vilikuwa vikikosa korosho za kubangua, na vingi vikageuka maghala.

Lakini si kwamba safari zote zimekuwa za kutoka huko kuja huku. Mwaka 2005, mwezi wa Septemba, Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikuwa Helsinki kwenye mkutano ulioongozwa kwa pamoja na Finland na Tanzania juu ya utandawazi na demokrasia, na huko huko, kwa msaada wa Ndesanjo Macha, ambaye alikuwa ameshika njia hiyo kabla yake kwa blogu yake ya Jikomboe, akaanzisha blogu iliyokuja kuitwa Globu ya Jamii. Tazama maajabu: blogu iliyosomwa na Watanzania wengi kuliko zote katika siku zake ilizaliwa katika mji mkuu wa nchi ile ile iliyotumia miaka ishirini kuchimba visima vya Mtwara na Lindi, na wakati ule Rais wa Tanzania alikuwa Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyekuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa mwanasiasa.

Kwa muda Watanzania walio ughaibuni na walio nyumbani walionana kila siku katika picha za harusi, misiba, mikutano na barabara mbovu. Hata hivyo naona kulipotea fursa. Wafinland walituandika kwa juzuu na juzuu, wakapima kina cha maji yetu, wakahesabu kaya zetu. Sisi tulipofika kwao tulipiga picha za theluji na za mabalozi. Laiti mmoja wetu angalikwenda katika kijiji cha Finland akauliza maji yao wanalipaje, misitu yao inamilikiwa na nani, na kwa nini walipakodi wao walikubali kugharimia pampu za Nachingwea, wasomaji wa Newala wangalipata elimu wasiyoweza kuipata kwa mtu mwingine yeyote.

Hao Wafinland wenyewe, ni haki kusema, walikuwa wamekwisha anza kujiuliza. Katika mradi wao wa RIPS, uliofuata ule wa maji katika mikoa hiyo miwili, walifika mahali pa kuwaacha wanavijiji wajieleze wenyewe mbele ya kamera ya video. Jambo hilo lilipata nguvu pwani zaidi ya uwandani. Wavuvi wa Mtwara, waliochoshwa na waliopasua matumbawe kwa baruti huku wakubwa wakifumba macho, walisema mbele ya kamera, wakatazama walichosema, wakakipeleka kijiji cha pili, wale nao wakaongeza yao, hata kanda zikawafikia viongozi, ambao ilibidi waketi wawasikilize wavuvi wakiwasema, tena kwa Kiswahili, tena bila ya mfasiri wa kuyalainisha maneno. Mwaka 2000 hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa. Sitadai kuwa video peke yake ndiyo iliyoileta, wala wavuvi wote hawakuifurahia hifadhi yenyewe. Lakini mtu aliyekuwa akiandikwa alikuwa amepata kujibu, na majibu yakasikiwa.

Kisha ukaja mwaka 2018. Mwezi wa Machi Serikali ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikimtaka kila mwenye blogu ajisajili kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na ada zake zote pamoja zilikuwa kama shilingi 2,100,000. Wengi walifunga blogu zao, kwa kuwa waliandika kwa mapenzi tu na hawakupata hata senti. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada, na mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akaamuru jeshi likanunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya kijeshi yalipopanda uwandani, vyombo vya habari vya nje viliandika juu yake kwa wiki nyingi, na mwandishi wa London au Nairobi hakuhitaji leseni ya Dar es Salaam kuchapisha alichokiona. Kijana wa Kitangari, Newala, aliyetaka kusema hadharani, katika ukurasa wake mwenyewe, kwamba baba yake hajalipwa, ilimpasa kwanza auze korosho zaidi ya kilo 630 kwa bei ile ile ya serikali. Ada hizo zilikuja kupunguzwa baadaye, ila waliofunga wengi hawakurudi kufungua.

Wamekwenda wapi? Wamo katika simu. Minada ya korosho siku hizi huendeshwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa, mnunuzi akiweka bei yake akiwa popote alipo, lakini wakulima huendelea kukusanyika ghalani au kwenye uwanja wa chama cha msingi kuisikia bei na kuikubali au kuikataa. Kabla katibu hajamaliza kusoma, vijana wamekwisha ipiga picha karatasi na kuituma katika makundi ya WhatsApp ya Masasi, Nanyumbu na Tandahimba, na pamoja nayo maneno machache makali juu ya makato, ushuru, uzito wa mizani na magunia yaliyochelewa. Haya ni maandishi ya maendeleo. Yana tarehe, mahali na hesabu, na walengwa wake huyajibu ndani ya dakika, wakati mwingine kwa matusi. Mgeni wa kalamu atakayepanda Newala msimu ujao angefanya vema kumwomba mmoja wa vijana hao amsomee ya wiki moja tu, kabla hajaitoa kamera mkobani.